Maombi Yaliyonaswa

Thorncliffe Park, Toronto
12 Januari 2025

Mwanangu Jolie,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku tu wazima, baridi tu ndiyo inatuchapa. Najua unacheka ukiona karatasi. "Mama Destin, si utume ujumbe tu!" Simu yangu wanangu wanaicheza na wanasoma kila kitu, tena ujumbe wa simu mtu anausoma amesimama kwenye basi. Barua utakaa chini. Na wewe mwenyewe ulisema watu wa chuo wanataka tuandike tunavyoiona kazi. Basi ndiyo hii.

Kile kinasa sauti nimekitia ndani ya soksi ya Destin, safi, usiogope, nikampa Mchungaji Déo akuletee. Ndani yake mna sauti za wamama saba. Nimefanya kama ulivyonifundisha: nikikaa tu, nabonyeza kitufe chekundu nisije nikasahau, halafu mambo yanaendelea. Mama wa kwanza alisema saa nzima juu ya kiwanda cha kuku, vidole vilivyoganda, na msimamizi aliyekuwa akiwaita wote kwa jina moja. Wa nne hakutaka maswali. Akasema, "Andika kwamba nimechoka." Nikamwacha. Hilo nalo si ni historia?

Kitambulisho cha shingoni mlichonipa, chenye picha yangu na maneno "mtafiti mwenza", nimekitundika ukutani karibu na picha ya arusi. Mimi niliyeishia darasa la sita kule Uvira! Destin alikisoma akaniuliza kwa Kiingereza chake kama sasa nimekuwa profesa. Nikamwambia, "Ndiyo, na profesa haoshi vyombo. Osha wewe."

Jambo moja linanizungusha. Mlipokuja mara ya kwanza mlisema ninyi wanafunzi wa shahada za juu hamtaki elimu yenu ibaki kwenye makabati ya chuo, mnataka irudi kwa watu weusi wenyewe ambako mmeitoa. Nilipenda sana. Lakini itarudi vipi? Nani atasikiliza? Wamama wananiuliza, na mimi nazunguka tu nyumbani nikifuta meza niliyokwisha kuifuta.

Darlène hakukubali kurekodiwa. Unamjua, yule Mrundi mpole wa ghorofa ya kumi na moja. Alikaa jikoni kwangu akatwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka tukamaliza. Sikumlazimisha.

Wako katika Bwana,
Mama Destin


Scarborough
19 Januari 2025

Shikamoo Mama Destin,

Barua hii nimeiandika mara tatu. Mama yangu alitaka kunisahihishia, nikakataa, maana angejaza salamu kurasa mbili. Kwa hiyo makosa ya Kiswahili ni yangu, univumilie.

Mama, ulibonyeza kitufe kabla ya maombi! Sikutegemea. Kila mazungumzo yanaanza na wewe unaomba, dakika tatu, dakika nne, na wamama wanaitikia. Shaun, mwenzangu anayeshughulikia sauti, ni Mjamaika, haelewi hata neno moja. Alisikiliza, akaniuliza, "Huyu mama anaimba au anagombana na mtu?" Nikamwambia anaomba. Akasema, "Basi huyo anayeombwa atakuwa ameshindwa."

Nilimtafsiria profesa wangu sehemu chache. Ni mama mweusi ambaye haingii kanisani, lakini alitaka nirudie tangu mwanzo. Halafu akasema: hii ndiyo tasnifu yako. Sura ya tatu nzima sasa itakuwa juu ya maombi ya wanawake wa kwetu.

Uliuliza nani atasikiliza. Jumamosi tarehe 15 Februari tutafanya maonyesho ya sauti hizi kwenye ukumbi wa jamii hapo hapo Thorncliffe, bure, kila mtu anakaribishwa. Sauti zitatoka ukutani. Maombi yako yatakuwa mlangoni, ili kila anayeingia ayasikie kwanza.

Nina furaha mpaka silali vizuri.

Mtoto wako,
Jolie


Thorncliffe Park
23 Januari 2025

Jolie,

Barua yako nimeisoma bado nimevaa koti. Maombi gani?

Mimi nilijua mashine inasikiliza mambo ya mradi. Kuomba si mradi, mwanangu. Mgeni akifika kwako anavua viatu mlangoni. Kuna mtu anaandika kwamba amevua viatu? Nilibonyeza kwa sababu ulisema nibonyeze nikikaa. Halafu tukaomba, maana hakuna kinachoanza nyumbani kwangu bila kuomba. Halafu ndipo kazi ikaanza. Ndivyo nilivyoelewa.

Na unajua tunavyoomba. Mchungaji ametufundisha tusiombe kwa jumla jumla. Tutaje mtu, tutaje shida, tutaje hata mahali. Mungu hahitaji anwani, lakini sisi tunampa anwani. Sasa nakumbuka niliyoyasema, kwa kuwa nayasema kila Jumamosi wamama wanapokuja kuomba kwangu: "Bwana, mkumbuke dada yetu Darlène wa ghorofa ya kumi na moja, ambaye dosiye yake ya kuomba ukimbizi imekataliwa mara mbili, mwenye barua ya kumtoa Kanada chini ya godoro lake, umfiche machoni pa wanaomtafuta."

Umeona? Nimemfichua kwa mdomo huohuo ninaomwombea afichwe.

Ana miaka sita hapa. Kule Vaughan anamtunza bibi mmoja mzee, Bi Sultana, mzaliwa wa Tanga, wanaongea Kiswahili siku nzima, na watoto wa huyo bibi hawamuulizi karatasi. Watu wa uhamiaji wakisikia ghorofa, wakasikia jina, watamfuata mpaka kitandani. Na Burundi hana mtu wa kumpokea, aliobaki ni walewale aliowakimbia.

Toa. Toa maombi yote, usibakize hata amina. Sijamwambia Darlène kitu. Jana alinipitia kuomba chumvi, nikamimina nusu sakafuni.

Nijibu upesi.

Mama Destin


Scarborough
27 Januari 2025

Shikamoo Mama Destin,

Usiwe na wasiwasi. Barua yako nimeipata na nimeelewa. Shaun anaweza kukata jina, ghorofa na habari ya dosiye, na msikilizaji hatajua kuna kitu kilichokatwa. Darlène hatasikika popote ukumbini. Nakuahidi.

Naomba tu usinitake nitoe maombi yote. Mama, huelewi yana thamani gani. Miaka yote watu wameandika juu ya wanawake weusi wa mji huu kana kwamba ni namba, na hapa kuna mwanamke anayejua jina la kila mtu na shida yake. Wewe na wale saba mlisaini karatasi ya ridhaa, kwa hiyo kwa upande wa sheria hakuna kosa.

Kuna jambo dogo la ukurasa wetu wa mtandao ninalolishughulikia wiki hii. Nitakueleza tukionana.

Pumzika, Mama. Unafanya kazi nyingi.

Jolie


Thorncliffe Park
2 Februari 2025

Jolie,

Leo sina salamu.

Jumatano mchana Darlène alikuwa chumba cha kufulia kule chini, anakunja mashuka. Akaingia Rukhsana wa ghorofa ya tatu, yule mzaliwa wa Mombasa, simu mkononi, furaha tele. "We Darlène, njoo usikie! Mama Destin wetu amekuwa mtu maarufu, chuo kizima kinamsikiliza!" Akaongeza sauti. Mle ndani walikuwa watu watano, wawili wanajua Kiswahili. Rukhsana mwenyewe hakuwa amesikiliza mpaka mwisho. Akasikiliza pamoja nao, mpaka kwenye jina na godoro.

Anasema Darlène alimaliza kulikunja lile shuka. Pembe juu ya pembe. Akaliweka kapuni, akapanda lifti.

Alhamisi nilipotoka kazini nikapanda kwake. Mwenzake wa chumba akaniambia amechukua begi moja. Godoro lilikuwa limeinuliwa, limeegemezwa ukutani. Simu yake inaita, haipokelewi. Nimekwenda Vaughan kwa mabasi matatu. Bi Sultana alinifungulia mwenyewe na fimbo yake, akaniambia, "Ameniaga kwa simu, mwanangu, hata dawa zangu za wiki hajanipangia." Nimekwenda Pickering kwa Warundi wanaosali kule. Wamenipa chai. Jibu hawakunipa, na waliniangalia kama mtu aliyetumwa.

Silali. Kule nyumba ya wazee ninakofanya kazi nimewavalisha wazee wawili viatu vya wenzao.

Jambo dogo la ukurasa wa mtandao. Ulijua tangu lini, Jolie? Ulipoandika nipumzike, lilikuwa bado linalia huko, watu wakisikiliza? Ulikuja kwangu na biskuti, ukavua viatu, ukaniita mtafiti mwenza. Mtafiti mwenza gani huyo asiyejua kazi yake imetundikwa wapi?

Siku zote nimekuita mwanangu. Leo kalamu inakataa.

Mama Destin


Scarborough
5 Februari 2025

Shikamoo Mama Destin,

Labda hutaifungua. Ninaandika hata hivyo.

Kipande kile cha maombi yako kiliwekwa kwenye ukurasa tarehe 20 Januari, kabla hujaniambia kitu. Ni cha dakika moja na nusu. Barua yako ilinifikia Jumamosi tarehe 25. Ningeweza kukiondoa siku ileile, nilikuwa na kompyuta mapajani. Sikukiondoa. Watu mia nne walikuwa wamekwisha kukisikiliza, na wiki hiyo wanaofadhili mradi walikuwa wanaukagua ukurasa wetu. Nikajiambia siku tatu, nne tu. Nilikiondoa Jumatano jioni. Na wewe umeniandikia kwamba yale ya chumba cha kufulia yalitokea Jumatano hiyohiyo mchana. Hilo ndilo jambo dogo.

Kuna kubwa zaidi. Nilisikia sentensi ile tangu mwanzo. Nilikuwa naandika maneno kutoka kwenye mashine, nikafika kwenye godoro, mkono ukasimama. Halafu nikajiambia hakuna atakayeelewa, ni Kiswahili. Mimi ninayeandika kurasa mia mbili juu ya watu wangu, nilipowafikiria wasikilizaji niliona Wazungu tu wamekaa kwenye viti, wanatikisa vichwa. Sikukiona chumba chenu cha kufulia. Nimekulia kwenye chumba kama hicho, Mama. Nilifanya kazi zangu za shule juu ya mashine ya kukaushia nguo, kwa kuwa palikuwa na joto.

Maombi yote yametoka. Shaun alifuta kila kitu mbele yangu. Sura ya tatu imetoka pia. Profesa anasema nitachelewa mwaka mzima. Alisema pia kwamba yeye naye alipaswa kuuliza huyo anayetajwa ni nani, na hakuuliza kwa sababu ilikuwa nzuri mno.  Mama yangu ananipakulia chakula na kunigeuzia mgongo.

Nije nikupigie magoti? Nitakuja siku yoyote.

Jolie


12 Februari

Dada yangu Mama Destin,

Niko mahali pazuri, nimeshiba, nina blanketi. Usitafute ni wapi. Nasikia umefika Vaughan, umefika Pickering, na miguu yako ile inayovimba. Acha sasa.

Nasikia pia humtaki tena Jolie. Mtoto ana kosa lake, atalibeba. Lakini kuna kitu sijawahi kukuambia, kwa sababu umenilisha miaka sita.

Habari ya ile barua nilikuambia wewe peke yako. Nilikuwa na homa, nimelala kitandani kwako, unanikanda kwa kitambaa. Jumamosi iliyofuata nikaisikia kwenye maombi, mbele ya wamama kumi na wawili. Ghorofa, dosiye, godoro. Nikaitikia amina pamoja nao. Ningefanya nini?

Tangu siku hiyo nikawa naingia jikoni. Ulidhani napenda kupika. Nilikuwa natwanga ili nisisikie, na bado nilisikia. Mke wa mchungaji alijua. Hata Rukhsana, ambaye si wa kanisa letu, alijua kabla ya ile simu. Kuna mama mmoja hapo kanisani, simtaji, aliniachia watoto wake kila Jumapili miaka miwili, hakuwahi kusema asante, kwa kuwa alijua siwezi kumkatalia. Yote hayo hakuna mashine iliyoyafanya. Mashine imerudia tu.

Mungu anaijua ghorofa yangu, dada. Kila Jumamosi ulikuwa unamwambia nani?

Sikuchukii. Nimekuandikia kwa kuwa dada niliyepewa katika nchi hii ni wewe, sina mwingine wa kumkasirikia namna hii. Kula. Usiende kazini na njaa.

Darlène


Thorncliffe Park
23 Februari 2025

Mwanangu Jolie,

Bwana Yesu asifiwe.

Barua yako ya tarehe tano nimeifungua leo baada ya ibada. Ilikuwa juu ya friji, nimeibana na kopo la maziwa, kila nikipita naiona, napita. Ukumbini tarehe kumi na tano sikuja. Nilivaa, nikafika mpaka kwenye lifti, nikarudi.

Darlène ameniandikia. Siwezi kukunakilia yote. Ameniambia kwamba kabla hujaleta mashine yako, mimi nilikuwa nimekwisha kumtangaza. Nimeisoma hiyo barua mpaka karatasi imekatika kwenye mikunjo. Naisoma kwenye basi, nimeisoma kazini chooni. Siku ya kwanza nilimkasirikia: miaka sita ananyamaza, kwa nini hakuniambia? Siku ya pili nikajiuliza angeniambiaje, kama kila anachoniambia nakipeleka Jumamosi.

Kosa lako ni lako, Jolie, sikuondolei. Zile siku nne nitazikumbuka. Lakini na langu nilikutwika wewe, nikakuandikia maneno yale ya kalamu kukataa. Nisamehe. Mimi ni mkubwa, nilipaswa kujiangalia kwanza.

Jana wamama walikuja kama kawaida. Nikawaambia nilichokifanya. Nilidhani watanifariji, kwamba aah, Mama Destin, ulikuwa na nia njema. Haikuwa hivyo. Mmoja akasema, polepole, anaangalia kikombe, "Hata mimi uliwahi kunitaja. Ile habari ya mume wangu." Mwingine akasema, "Na mimi. Kile kipimo cha hospitali." Wa tatu akacheka, akasema, "Mimi niliacha kukuambia kitu tangu mwaka juzi, hukuona?" Sikuona, Jolie. Nilidhani ana amani.

Tukapiga magoti. Nimeomba kwa sauti miaka thelathini, hata kambini Nyarugusu wakati wa njaa sikukosa neno. Jana nilikosa. Nilifungua mdomo, kila nililotaka kusema lilikuwa la mtu mwingine. Tulikaa hivyo kimya, magoti yanauma, tunasikia tu lifti ikipanda na kushuka. Mwishowe mmoja akasema amina, tukainuka. Sijui kama Mungu alisikia. Mimi nilisikia mambo mengi.

Sasa usirukeruke. Alhamisi Darlène alinipigia kwa namba nisiyoijua. Tumeonana. Wapi, sisemi. Watoto wa Bi Sultana wamempatia avoka, yaani wakili, na huyo avoka anasema kuna njia moja iliyobaki ya kujaribu. Ni njia gani, sisemi pia, na safari hii ninajua kwa nini sisemi. Anaweza kushinda, anaweza kushindwa. Amekonda. Alinivalia kofia ya sufu mbaya kweli, nikamwambia, "Kofia gani hii?" Akasema, "Ya kujificha." Nikasema, "Kwa kofia hii watu watageuka kukuangalia." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikalia, yeye akanipa leso.

Kabla hatujaachana nikamwuliza kitu ambacho sijawahi kumwuliza mtu: "Nikuombee nini?"

Tulikuwa kituoni. Akaacha mabasi mawili yapite.

"Niombee mgongo," akasema. "Kule ninakolala kunaniumiza."

"Mgongo tu?"

"Mgongo tu. Na usiseme wa nani."

Nikakubali. Halafu, unanijua, sikuweza kuondoka hivyo. Nikamwambia kuna mtu mmoja nataka kumwambia, mmoja tu, na yeye Darlène akikataa, nanyamaza. Nikakutaja. Alikuwa amekwisha kupanda ngazi ya basi, akageuka, watu nyuma yake wanamsukuma.

"Huyo mwambie," akasema.

Kwa hiyo nimekuambia. Jumamosi saa nne asubuhi uje. Usilete mashine, lete mikate, wamama wanamaliza yangu. Hutapiga magoti mbele yangu, utapiga pamoja na sisi. Tutaombea mgongo.

Wako,
Mama Destin